Mbuzi Niliyemnunua Kwangu Mwenyewe

Jambo hili lote lilinigharimu sauti yangu, mbuzi jike mmoja mwenye madoa ambaye nilimtoa kwa Mungu na bado yuko zizini kwangu, na aibu ya kujipandishia dau mimi mwenyewe mara tatu mbele ya usharika mzima. Nimehesabu mara mbili, vitu ni hivyo vitatu. Nilichopata badala yake ndicho nisichokijua bei. Na mtu aliyefanya kazi ya kunadi mifugo zaidi ya miaka thelathini akikwambia kuna kitu asichokijua bei, basi ujue amechanganyikiwa kweli.

Vijana wa mnadani mliniambia siku ya kuniaga niandike niliyoyaona, maana kuongea siwezi tena. Mmoja wenu akasema, "Mzee, weka na siri za kazi." Siri ninazo chache na nitaziandika. Lakini mkiona mwisho wake naishia kwenye mbuzi wa kanisani, msidhani nimepotea njia. Huko ndiko kazi ilikonifikisha.

Nilianza kazi kwa sababu ya koo la mtu mwingine. Nilikuwa nimeteremka mnadani Nyakasimbi kuuza mbuzi wawili wa baba. Mnadi wa siku hizo alikuwa Mzee Bitegeko, mtu mfupi, mwenye fimbo ya mti wa kahawa iliyong'aa kwa kushikwa. Siku ile alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa. Wachuuzi wamejaa, ng'ombe wamefungwa, na mnadi anakohoa tu. Akatutazama sisi wauzaji wa mbuzi, akauliza kwa kunong'ona, "Nani hapa anagombana sana kwao?"

Jirani yangu akanisonta. Sikukataa.

Nikasimama kando yake. Yeye ananong'ona bei, mimi napaza. Jioni nilikuwa nimeuza ng'ombe kumi na tisa wa watu na kuwasahau mbuzi wa baba, nikarudi nao nyumbani. Baba akauliza, "Umeenda kuuza au kuwatembeza?" Jumamosi iliyofuata Mzee Bitegeko alikuwa amepona, lakini akaniita tena. Alisema sauti yake anaitunzia kuongea na mkewe.

Huyo ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha kusimama jua likiwa mgongoni kwangu, ili mimi nione macho ya wanunuzi na wao wakunje uso wakinitazama. Alinifundisha kutokunywa maji ya baridi kabla ya saa nane. Alinifundisha kwamba mchuuzi mmoja hugusa kofia, mwingine huinua kidevu, na kulikuwa na bwana mmoja wa kutoka Rubwera aliyekonyeza jicho la kushoto tu. Akikonyeza la kulia, ni vumbi. Lakini somo kubwa alinipa siku nilipomuuzia fahali mtu ambaye hakuwa na habari.

"Aliinua mkono," nilijitetea.

"Alikuwa anafukuza nzi."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Hesabu mkono mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza unauona mkono. Mara ya pili unamwona mwenye mkono. Ukimwona ametulia, huyo ni mnunuzi. Ukimwona anakuna sikio baadaye, huyo ni nzi. Umeelewa, waitu, mwenzetu?"

Nilielewa. Tangu hapo nikawa mtu wa kuhesabu mara mbili. Mikono, ng'ombe, chenji, watoto wangu wakiingia ndani jioni. Mke wangu Adela amewahi kunikuta nikihesabu mara mbili vijiko vya sukari alivyoweka kwenye kikombe changu. Vilikuwa viwili. Nilivihesabu vyote.

Vyombo vya kazi havikuwa vingi. Fimbo, ambayo Mzee Bitegeko aliniachia alipostaafu. Kopo la rangi la kupaka alama ng'ombe aliyekwisha uzwa. Chupa ya chai ya tangawizi na asali. Baadaye halmashauri ikatuletea kipaza sauti cha betri, kilichokula betri kuliko ng'ombe anavyokula majani, na kila kilipozimika watu wa mnadani walinigeukia: "Redio, endelea!" Ndilo jina mlilonikuta nalo. Redio. Hata watoto wa shule wa kwetu Bugene waliniamkia hivyo: "Shikamoo, Redio."

Kesi ngumu zilikuwepo. Nitawapa moja tu, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha ambacho sikukitumia nilipokihitaji. Ndugu wawili, watoto wa baba mmoja, walileta ng'ombe wa marehemu wauze wagawane. Mnada ulipofunguliwa, mkubwa akainua mkono. Mdogo akainua wa kwake. Kila mmoja alitaka aondoke na ng'ombe wa baba, mwenzake abaki na noti. Wakapanda, wakapanda, mpaka wachuuzi wakanyamaza na kukaa chini kutazama. Bei ikafika mahali ambapo ungenunua ng'ombe watatu na kamba zao. Mimi nilikuwa napaza kwa furaha, sijawahi kuuza bei ile. Mzee Bitegeko, ambaye wakati huo alikuwa anakuja kutazama tu, akaja akanishika mkono wa fimbo, akasema kwa sauti, "Mnada umefungwa. Mvua inakuja."

Angani hapakuwa na wingu hata la kufungia tumbaku. Lakini watu walitawanyika, na wale ndugu wakaondoka na ng'ombe wao, kila mmoja kashika upande wake. Nilipomuuliza, Mzee alisema, "Wale hawakuwa wananunua ng'ombe. Mtu akipanda dau kwa hasira, mfungie."

Sasa niwaeleze ya kanisani, maana wengine wenu ni wa mbali na kwenu labda hawafanyi hivi. Kwetu mtu asiye na fedha ya sadaka huleta alicho nacho: mkungu wa ndizi, maharage kwenye kibakuli, kuku, mayai. Ibada ikiisha, vitu vinanadiwa nje ya kanisa. Mwenye uwezo hununua, na mwenye uwezo zaidi, au mwenye kupenda kuonekana, hununua kisha anarudisha, kinanadiwa tena. Watu hupiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" na ni vigumu kukataa mbele ya mama mkwe wako. Trei moja ya mayai nimewahi kuiuza mara tano bila kusogea mezani.

Kazi hiyo niliifanya kila Jumapili, bure, kwa miaka yote. Nikisema ukweli, sikuwa na uhusiano mkubwa na Mungu. Nilikuwa naye kama nilivyokuwa na mwenye ng'ombe yeyote: nauza mali yake, namkabidhi kilicho chake, tunaagana mpaka wiki ijayo. Hatukuwahi kukosana. Nadhani hatukuwahi pia kuongea.

Kisha koo likaanza. Kwanza nilidhani ni vumbi. Nikaongeza tangawizi. Nikaongeza asali. Mwishowe Adela akanipeleka hospitali, hospitali ikatupeleka Mwanza, na huko wakaona uvimbe. Wakaukata. Nilipoamka daktari akaniambia taratibu, "Mzee, uhai tumeuokoa. Sauti hatuahidi."

Nikaomba karatasi. Nikaandika: *Punguza kidogo.*

Akasoma, akacheka mpaka akakaa kitandani kwangu. "Hapa bei ni moja, mzee wangu."

Nikarudi Bugene na daftari la kurasa themanini na kalamu mbili. Vijana, nawaambia: mtu akikosa sauti, watu humwona kama kiziwi. Jirani zangu walikuja wakinipigia kelele sikioni, "POLE SANA BABA KOKU! UNAENDELEAJE?" Nilikuwa nasikia vizuri kuliko wakati wowote, kwa kuwa mwenye kelele nyumbani alikuwa amenyamaza. Nilimsikia na yule dereva wa bodaboda aliyepita barabarani akisema, "Redio ya mzee imeisha betri." Alisema kweli. Nililia siku hiyo, na hata kulia kwangu hakukuwa na sauti, nikajiona kama picha ya mtu anayelia.

Alhamisi jioni jua likiwa bado juu, huwa kuna ibada ya nyumba kwa nyumba. Mwinjilisti wetu Eliasi akaamua kwamba kwa muda itakuwa kwangu. Wakaja. Nikawahesabu: kumi na wanne. Nikawahesabu tena: kumi na wanne na mtoto mgongoni. Bibi Yustina, mjane wa ng'ambo ya barabara ambaye ni mkubwa kwetu sote, ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Walimwomba Mungu anirudishie sauti. Mwinjilisti akatusomea habari ya yule kuhani aliyekaa bubu mpaka mtoto wake alipozaliwa. Alitaka kunifariji. Nikaandika kwenye daftari, nikamwonyesha: *Yule alipewa na tarehe. Mimi tarehe yangu iko wapi?* Akalisoma mara mbili, akafunga Biblia, akasema tuimbe.

Wiki ya kwanza sauti haikuja. Ya pili haikuja. Ya tano nilianza kubaki chumbani wakifika, naangalia dari. Niliwaza: watu kumi na wanne, wiki tano, hayo ni maombi sabini, bila kumhesabu mtoto wa mgongoni. Mfanyabiashara gani huyu asiyejibu hata kwa kukataa?

Basi nikafanya nilichokijua. Nikamfungulia Mungu mnada.

Nilianza chini, kama inavyotakiwa. Nikamwambia moyoni: nirudishie sauti, nakupa jogoo. Nikangoja siku tatu. Kimya. Nikapanda: jogoo na mkungu wa ndizi. Kimya. Nikasema, sawa, mbuzi. Yule mwenye madoa, ambaye Adela anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Kimya. Usingizi ukanipotea. Chakula nikawa nakitazama. Nilikuwa nimekaa pale kibarazani mchana kutwa, midomo inachezacheza, nikipandisha na kupandisha, mpaka nikafikia mtamba wangu na kipande cha shamba la kahawa cha upande wa mtoni.

Adela akatoka na ungo wa maharage, akakaa akichambua. "Unahesabu nini, Baba Koku?"

Nikamwandikia yote. Sikumficha, isipokuwa lile la mtamba nililiandika kwa herufi ndogo.

Alisoma taratibu. Akaweka ungo chini.

"Na nani mwingine anataka hiyo sauti?" akauliza.

Sikuelewa.

"Kwenye mnada huo wako. Naona umeanza na jogoo, ukapanda. Nani alikuwa amepandisha juu yako mpaka ukaongeza?"

Nikaandika: *Hakuna.*

"Basi unajipandia mwenyewe," akasema, akachukua ungo wake. "Miaka yote hiyo mnadani! Ungemwona mtu mwingine anafanya hivyo ungemcheka mpaka Kayanga wangesikia."

Nilikasirika. Mtu hukasirika zaidi akiambiwa jambo la kazi yake na mtu asiye wa kazi hiyo. Nikaamua kwamba kosa langu ni kuahidi badala ya kutoa. Mchuuzi mzuri hutanguliza kitu. Nikaamua Jumapili nimpeleke yule mbuzi kanisani kama malipo ya awali, ili Mungu aone fedha mezani. Nilimwambia Adela ni sadaka. Alinitazama sana. Kisha akavuka barabara kwenda kwa Bibi Yustina kuomba chumvi, na chumvi ilikuwepo jikoni.

Jumapili hiyo mnadi alikuwa Jenista. Mnamfahamu, alianza kama mwandishi wa stakabadhi mnadani, nikamfundisha, na siku hizi ndiye mwenye fimbo. Mimi nikakaa benchi la mbele, nje ya kanisa, kimya, nikimtazama anavyosimama. Jua lilikuwa mgongoni kwake. Nikaridhika. Akauza ndizi. Akauza mayai mara mbili. Kisha akaletwa mbuzi wangu.

"Mbuzi wa Mwalimu wangu!" Jenista akapaza. "Nani anafungua?"

Mtu akafungua kwa elfu sitini. Mwingine sabini. Mwalimu wa shule akasema themanini. Halafu nikaona, upande wa akina mama, mkono wa Bibi Yustina umeinuka.

"Tisini! Bibi Yustina tisini!"

Vijana, huyu ni mjane mwenye nyumba ya bati kuukuu na migomba isiyozidi thelathini. Atatoa wapi elfu tisini? Nikauhesabu ule mkono. Nikauhesabu tena, nikamwona anauteremsha na kujipangusa uso kwa kitenge. Nzi, nikasema moyoni. Jenista hajauliza mara ya pili. Bibi wa watu atauziwa mbuzi kwa sababu ya nzi, na kwa heshima ya kanisa hatakataa.

"Tisini mara ya kwanza!"

Nikafungua mdomo nipige kelele. Ukatoka upepo. Nikainua mkono kumzuia.

"Laki! Mwalimu mwenyewe anaweka laki moja!"

Vigelegele. Nikatikisa mikono yote miwili: hapana, hapana.

"Anaongeza! Laki na kumi!"

Nikasimama kabisa. Nikamsonta Bibi Yustina, nikasonta macho yangu, nikapunga hewani kama anayefukuza nzi, ili Jenista akumbuke somo.

"Anasema Bibi Yustina hamwezi leo! Laki na ishirini! Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu! Mbuzi wa Mwalimu amekwenda kwa Mwalimu!"

Usharika ulicheka mpaka mwinjilisti akashika nguzo. Mimi nimesimama katikati, mikono bado iko juu. Nikamtazama Adela. Alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatetemeka, na juu ya kitenge macho yake yananiambia neno lile lile: nani mwingine alikuwa amepandisha?

Hapo ndipo nilipocheka. Hakukuwa na sauti, ni pumzi tu zinatoka kama pampu ya baiskeli. Nilicheka mpaka nikakaa. Na nilipokaa nikakuta, sijui nieleze vipi, kitu ndani kimetulia. Unajua pale mashine ya kusaga inapozimwa, ndipo unagundua ilikuwa inanguruma tangu asubuhi? Ilizimwa hivyo. Hakuna aliyekuwa ananiombea wakati huo. Mimi mwenyewe sikuwa naomba. Nilikuwa nimenunua mbuzi wangu.

Kisha watu wakaanza: "Rudisha! Rudisha!"

Nikasimama. Mtu wa heshima yangu, mnadi wa kanisa, lazima arudishe. Kwa miaka yote sijawahi kununua kitu pale bila kukirudisha. Jenista alikwisha inua fimbo anadi tena. Nikamtazama yule mbuzi, naye anatafuna pindo la joho la mwanakwaya. Nikajua kabisa kwamba nikimrudisha, kesho kibarazani nitaanza tena: nimekupa mbuzi, sasa nipe. Mzee Bitegeko alikuwa amekwisha fariki siku nyingi, lakini nilihisi mkono wake kwenye mkono wangu. Mnada umefungwa. Mvua inakuja.

Nikalipa. Nikashika kamba. Nikaenda nyumbani na mbuzi, watu wakinung'unika kwamba ugonjwa umemfanya Redio bahili.

Jioni ile nilikula ndizi, nikaomba kuongezwa. Usiku nililala kama gunia. Asubuhi nikajipapasa moyoni kuona kama ule utulivu upo. Upo. Mchana nikaangalia tena. Upo. Alhamisi kikundi kilipofika, nilitoka chumbani, nikakaa nao, nikaandika na kumpa Mwinjilisti asome kwa wote: *Leo msiombee sauti. Mwombeeni Bibi Yustina, mgomba wake mkubwa umeangushwa na upepo.* Wakaomba. Mimi nikakaa na Mungu bila kumwambia kitu, kama watu wawili waliomaliza biashara na hakuna anayetaka kuondoka.

Baada ya mwezi nilirudi Mwanza kupimwa. Daktari akasema sauti itabaki hivi, mnong'ono kidogo, si zaidi, na kazi ya mnada niiache. Nikangoja hasira ije. Niliitafuta kama mtu anayetafuta funguo, mfuko huu, mfuko ule. Sikuipata. Ilinitia wasiwasi. Njia nzima kurudi nilimshuku yule aliyenipa amani badala ya sauti, kama unavyomshuku muuzaji anayekwambia chukua tu, bwana, usijali.

Nikamwuliza Jenista kwa daftari: *Ulijua sikuwa nanunua?*

"Mwalimu, ulisimama!" akasema. "Umenifundisha habari za nzi, hukunifundisha nzi wa kumsimamisha mtu."

Basi nikamaliza kwamba ilikuwa bahati. Kosa la Jenista, kicheko cha watu, mishipa ikalegea. Ningeishia hapo, na ningekuwa nimeelewa. Lakini siku moja nilivuka barabara kumsaidia Bibi Yustina kuegemeza migomba kwa miti, na katikati ya kazi nikamnong'oneza kwamba siku ile nilimwokoa. Kwamba niliona ni nzi.

Aliacha mti ukaanguka.

"Nzi gani, mwanangu?"

"Mkono wako. Ile tisini."

"Ile ilikuwa tisini kweli!" Akashika kiuno. "Adela si alikuja akatwambia unataka kumhonga Mukama, Mungu wetu, kwa mbuzi? Kikundi tukachanga. Wote kumi na wanne. Tulisema tumnunue, tumrudishe zizini kwako kabla hujafika nyumbani, ukamkute, ujue kwamba huko ulikompeleka hakuna anayemhitaji. Tulikuwa na laki kasoro kidogo. Halafu wewe ukanipandia!" Alicheka akapiga makofi. "Redio! Miaka yote hiyo, hujui mkono wa mnunuzi?"

Niliketi kwenye gogo. Nilikuwa nimeuhesabu mara mbili, na mara zote mbili nikaona nzi.

"Na uso je?" nikamnong'oneza. "Ulijipangusa uso."

"Nilikuwa nalia kidogo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kununua mbuzi."

Nikamwuliza ule mchango uko wapi, wenyewe warudishiwe. Akaniambia wamenunua sukari ya chai ya Alhamisi. "Umekuwa ukiinywa. Vijiko viwili."

Sasa mnaona nilivyo. Kama ni amani ya kutoka kwa Mungu, na ninaamini hivyo, mbona ilipitia kwenye kosa? Wenzangu walikuwa wanakuja na fadhili yao kwa njia iliyonyooka, mimi nikaizuia kwa mkono wangu mwenyewe, na bado nikapewa nilichokuwa ninaletewa. Mwinjilisti Eliasi nimemwuliza. Akasema, "Baba Koku, kuna vitu vya kupokea tu." Nimejaribu. Napokea asubuhi, jioni najikuta natafuta stakabadhi. Adela anasema niache kuhesabu nishukuru. Nashukuru, na nikimaliza kushukuru nahesabu.

Na yule mbuzi amezaa mapacha. Nimewahesabu, ni wawili, majike wote.

Hapo ndipo ninapohitaji ushauri wenu, ninyi mnaoendelea na kazi. Nikiwapeleka kanisani, naogopa nitajisikia naomba kitu. Nikimpa Bibi Yustina atawarudisha. Nimejaribu na mmoja, alikuwa zizini kwangu kabla sijafika nyumbani. Nikiwauza nitakuwa nauza nini, na cha nani? Mwenye kujua wale ni mali ya nani aje Bugene aniambie, chai ipo. Nitakuwa nimekaa kibarazani, jua mgongoni. Atakayeinua mkono, safari hii nitauhesabu mara moja tu.